Uso Juu ya Lango la Stesheni

Siku mafundi walipobomoa jukwaa lao la ujenzi mbele ya stesheni mpya ya Carrara, Genoveffa aliuona uso wake mwenyewe wa marumaru, umeachama juu ya lango. Wachonga mawe wa huko hupamba majengo kwa nyuso za watu wanaowajua, na mchongaji huyu alikuwa Ercole, mume wa bintiye, aliyetishia kila siku kumtelekeza mkewe na kupanda treni.

“Umenifanya kiota cha njiwa, mshenzi wee!”

“Tena mdomo nimeupunguza, mama,” Ercole alicheka.

“Uvunje!”

“Panda uvunje mwenyewe.”

Genoveffa akalitazama jengo lote. Abiria hawakuwa na lango jingine.

“Basi uache. Siku utakayobeba sanduku, utapita chini ya macho yangu.”

Kicheko kikamkauka Ercole.