Maji ya Alhamisi

Priska alikuwa mtu wa dini hasa, si ile ya kuvaa Jumapili na kutundika Jumatatu. Mgonjwa akitajwa kanisani, uji wake ndio uliotangulia kufika. Loth alipoanguka na bodaboda akavunjika paja, mkewe Asteria akamfuata hospitalini huko Same, ni Priska aliyepita nyumba kwa nyumba pale kijijini Mamba akiwakusanyia mchele na sabuni. Watu wakamsifu. Naye, tusidanganyane, sifa zilimkaa vizuri.

Lakini kuna jambo alilikalia kimya. Shamba lake la tangawizi limepakana na la Loth, na yote mawili yanakunywa mfereji mmoja kutoka ndiva, lile bwawa la mababu linalokusanya maji ya kijito. Kila mtu ana siku yake: Loth Jumanne, Priska Alhamisi. Na sheria ya ndiva haina huruma. Asiyefika kufungua, maji yake yanakwenda kwa jirani anayemfuata mferejini. Jumanne tatu Loth hakufika, na Jumanne tatu Priska akamwagilia, mara mbili kwa wiki, katika kiangazi kile cha kukausha mate! Hakuiba. Hata Hezroni, msimamizi wa zamu, alimwambia, "Chukua, mama, ni haki yako."

Jumapili mchungaji akahubiri habari za mwenye kanzu mbili. Priska akaitikia "Amina!" ya kutikisa bati, moyoni keshachagua vitenge viwili vya kumpa Asteria. Wakati wa kurudi akakatiza shambani. Lo! Tangawizi ya Loth imejikunja majani, manjano tupu. Yake, hatua mbili tu pembeni, kijani kibichi. Akajisuta. Vitenge, Priska? Watu hawa mwaka huu hawana kingine cha kuwalisha ila hiki kinachokufa!

Alhamisi asubuhi akafungua maji yake, akaziba upande wake, akayageuza yote kwa Loth. Roho ilimuuma, asikwambie mtu. Mbegu ile aliinunua kwa kuuza ng'ombe, na jua la wiki ile halikuwa la mzaha. Akaondoka haraka kabla hajajuta, wala hakumwambia yeyote.

Saa nne akasikia hodi. Asteria, aliyerejea na mumewe jana yake jioni, kasimama uani na jembe, matope hadi magotini.

"Shikamoo, mama Eliezeri."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kuuguza. Matope ya nini?"

"Maji yako yalipotea njia, mama, yakaingia kwetu. Si leo ni Alhamisi? Nimekimbia nikaziba, nimeyarudisha kwako, yanaingia sasa hivi. Unisamehe, yale ya mwanzo ardhi ilikwisha kuyanywa."

Priska akashika mwimo wa mlango. Mwenzake anaomba radhi kwa maji ya saa moja!

"Tangawizi yenu umeiona ilivyo?"

"Nimeiona." Asteria akatazama chini. "Lakini siku ni yako."

Aibu ikampanda Priska hadi masikioni. "Mwanangu, hayakupotea. Niliyaleta mwenyewe. Na Jumanne zenu tatu nimezichukua mimi. Nikawaletea mchele nikiimba, maji nikanyamaza."

Asteria akapangusa tope kwenye mpini wa jembe. "Ndivyo sheria inavyosema, mama."

"Inasema hivyo, na mimi nikajificha nyuma yake. Twende ukafungue."

"Basi tugawane nusu kwa nusu. Nawe una shamba."

"Yote!" Priska akafoka, machozi yanamlengalenga. "Leo na Alhamisi mbili zijazo. Na ukiziba tena tutakosana mimi na wewe!"

Wakateremka pamoja. Asteria alikuwa ameziba vizuri, kashindilia udongo kwa mikono yake, akaweka na majani ya mgomba ili pasivuje tone. Priska akamnyang'anya jembe, akapabomoa mwenyewe.