Ndiyo ya Chini ya Wembe

Kinyozi alikuwa na maneno mengi kuliko nywele za wateja wake, ila asubuhi hiyo yalimkauka. Kitini alikaa mwalimu wa dini, baba wa yule mshonaji aliyemnyima usingizi, mashavu yote povu. Bila kuwa wa dini moja hakuna ndoa. Hilo mtaa mzima ulilijua.

Akaona heri sasa. Akaweka wembe chini ya kidevu cha mzee.

"Mzee, nataka kuingia dini yako. Nimeamini kwa moyo wangu wote. Utanipokea?"

Mzee akatumbua macho. "Ndiyo."

"Na binti utanipa?"

"Ndiyo, ndiyo! Wembe huo, mwanangu!"

Kinyozi akamaliza kunyoa huku akipiga mluzi. Mzee akajifuta povu, akajipapasa koo, akalikuta zima.

"Sasa sikiliza, mkwe wa haraka. Hizo ndiyo zangu tatu zifute pamoja na povu. Mtu mwenye wembe shingoni atakubali hata kuwa yeye ni mbuzi."

"Lo! Nisamehe mzee, sikukusudia kukutisha!"

"Najua. Na wewe je, nani kakushika shingo hata ukaamini kwa moyo wote kwa asubuhi moja?"

Kinyozi akainama, akatazama nywele zilizotapakaa sakafuni. "Binti yako."

Mzee akacheka mpaka kiti kikalia. "Haya, tuseme kesho anaolewa na mwingine. Keshokutwa utakuja kusali nasi?"

Uongo ulimfika kwenye ncha ya ulimi. Akiutema, ana mke. Akaumeza.

"Nisingekuja, mzee."

"Basi sikupokei."

Mzee akachukua kofia yake, na kinyozi akaona harusi nayo inaelekea mlangoni.

"Lakini kuna jambo," akasema mbio mbio. "Mama yangu alipougua, watu wenu walikuja kumwogesha na kumfulia mashuka, miezi miwili. Hawakumuuliza anasali wapi. Hata binti yako nilikuwa sijamjua bado. Tangu hapo najiuliza, ni nini kiliwatuma?"

Mzee akasimama mlangoni. "Hilo ungekuja kuliuliza hata bila binti?"

"Ningekuja."

"Basi njoo Alhamisi, uje na hilo hilo. Ukiamini utaniambia. Usipoamini, pia utaniambia."

"Na binti?"

"Kwani unataka kuishi na mimi? Yuko kwenye cherehani yake, kamuulize."

Alimkuta binti na pini mdomoni, akamsimulia yote bila kuficha. Binti akazitemea pini kiganjani.

"Ungemdanganya ukafaulu, ningepata mume mwongo na baba mjinga kwa siku moja. Ningewaweka wapi?"

"Kwa hiyo utaningoja?"

"Nitangoja. Ila hiyo Alhamisi ukaulize kwa moyo wa kweli, usiulize ili umalize tu unioe. Halafu kuna swali langu moja la imani nataka uniulizie. Mimi naogopa kumuuliza baba."

"Swali gani?"

Binti akachungulia mlangoni, akamvutia kigoda. "Kaa kwanza. Ni refu."