Benchi la Wasikilizaji

Jumanne, saa kumi na moja jioni, mshona mapazia alimaliza upindo wa mwisho, akafunika cherehani yake, akafungua kitabu na kuanza kusoma kwa sauti. Hiyo ndiyo saa ambayo mumewe alizoea kurudi kutoka kazini, na nyumba ilikuwa kimya mno.

Kitabu kilimhusu mwanamke aliyerithi duka la maua katika mji ambamo kila mtu alikuwa na nafasi ya kuzungumza. Kilikuwa kimechaguliwa na mkutubi. "Humu hafi mtu," mkutubi alimwambia. Kurasa chache za huzuni alizibana kwa vibanio vya karatasi, kama alivyowafanyia wafiwa wote waliojiandikisha maktabani. "Zilizobanwa ziruke tu. Hutapoteza kitu."

Alipofika ukurasa wa nne, mumewe aliingia. Alikuwa amekufa miezi mitano nyuma, katika moto wa kiwanda cha magodoro. Alivaa ovaroli ya kazini yenye kola iliyoungua. Kabla ya kukaa alikwenda kwenye mlango wa nyuma, akazungusha kitasa, akaufungua, akaufunga, kisha akaufungua tena. Ndipo akaketi kwenye benchi.

"Endelea, mama watoto," alisema. "Amefikia wapi na maua yake?"

Alikaa hadi sura ikaisha. Kesho yake alirudi.

Wiki ya pili alikuja na wenzake kumi wa kiwandani. Walipanga mstari jikoni, kila mmoja akajaribu kitasa kwa zamu yake, kisha wakabanana ukutani na kwenye benchi.

"Shemeji, utusamehe kwa viatu," alisema waliyemwita Mrefu, kwa sababu masizi yalibaki sakafuni.

"Sakafu inafutika, shemeji. Kaeni."

Walikuwa wasikilizaji wazuri, isipokuwa walimcheka sana mchumba wa muuza maua. "Huyu angepewa zamu moja tu ya kukata sponji," Mrefu alisema, "angeacha kuandika barua." Mshona mapazia alicheka hadi akaweka kitabu chini, na marehemu wakamsubiri. Alianza kula vizuri. Pindo zake zilinyooka. Jirani alilalamika juu ya mlango unaolia mara kumi na moja kila jioni, akaletewa habari kwamba bawaba zitapakwa mafuta, na zikapakwa.

Taarifa ya uchunguzi wa moto ilisema kwamba mlango wa nyuma wa kiwanda ulikuwa wazi, ila wafanyakazi walitaharuki wasiutumie. Mshona mapazia alimwandikia mkaguzi aliyeitia saini. Mkaguzi alikuja siku ya Alhamisi, akapewa kigoda na glasi ya maji. Aliwatazama wanaume kumi na mmoja wakijaribu kitasa, mmoja baada ya mwingine. Majina yao aliyajua, kwani aliyaandika mwenyewe.

"Mlango huu uko wazi?" alimuuliza mume.

"Huu uko wazi, mzee."

Mkaguzi aliandika katika daftari lake kwamba mlango wa nyuma uko wazi. Aliomba kuambiwa kama muuza maua ataolewa, maana asingeweza kungoja. Akaambiwa ataolewa, akashukuru, akaenda zake. Taarifa haikubadilika.

Kitabu cha maua kilirudishwa baada ya siku kumi na nne, kikaja cha ndugu wawili wanaotengeneza saa. Wakati huohuo kiwanda kilijengwa upya, na binti wa mshona mapazia akapata kazi ya kushona foronya za magodoro.

"Hakuna kwingine?" mama aliuliza.

"Mapazia hayatulishi wawili, mama. Unajua."

Siku ya kwanza binti alirudi saa kumi na moja na robo. Wasikilizaji walikuwa wamekwisha kukaa. Aliwaamkia, akamwamkia baba yake, akavua viatu.

"Mlango wa nyuma?" mama aliuliza.

"Wanaufunga saa mbili asubuhi. Wanasema watu wanaiba sponji. Ufunguo anao msimamizi."

Baba alimtazama bintiye kuanzia miguuni hadi kichwani, kama anayekadiria kipimo. Kisha akamgusa Mrefu begani, Mrefu akamgusa aliye kando yake, na mstari wote ukasogea polepole hadi ikapatikana nafasi ya mtu mmoja kwenye ncha ya benchi.

"Hapana," alisema mama.

Alimkalisha binti kwenye kigoda cha cherehani, bega kwa bega naye. Kwenye benchi nafasi ilibaki wazi. Marehemu hawakuijaza.

Akafungua kitabu. Sura ya siku hiyo ilikuwa na kurasa sita zilizobanwa. Akaziruka, akasoma pale ambapo wote wamefika nyumbani.