Jengo Lisilopigiwa Hodi

Ilikuwa mwaka 1994, majira ya masika, mbingu zikiwa nzito tangu alfajiri. Fundi wa mabango alisimama ng'ambo ya barabara, akiitazama kazi yake ya wiki iliyopita. Bango la duka la dawa, jekundu na refu, lilikatiza juu ya jengo lile kongwe kama kitambaa alichofungwa mgonjwa wa kichwa.

"Sasa hata kipofu atatuona!" mwenye duka alishangilia.

Mwanamke mmoja akajitokeza mlangoni, pini zimechomekwa kifuani, shati jeupe mkononi.

"Wewe ndiye uliyeniziba?"

"Nimekuziba nini, mama?"

"Panda juu ujionee, baba."

Chumbani mlikuwa na giza. Cherehani ilikaa chini ya dirisha la duara, ambalo fundi, akipima kwa kamba kutoka barabarani, alilidhania pambo tu. Nyuma ya kioo ulionekana mgongo wa bango lake: mbao tupu na misumari. Mezani zililundikana sare za shule, vifungo vimekwenda upogo.

"Nilizishona gizani humu, zimerudishwa zote," mshonaji alisema. "Zisipokuwa sawa kesho, kazi anapewa mwingine. Nami sina nyingine."

Uso ulimwiva fundi. Siku zote alijigamba kwamba hulisoma jengo kabla ya kuliandika. Hili hakuwa hata amelipigia hodi.

Alishuka akiwa ameinamisha kichwa. "Naliondoa," akamwambia mwenye duka.

"Umepagawa?"

"Nimelifumba jengo jicho. Nitakuandikia juu ya mlango, herufi zifuate upinde wake. Gharama ni zangu."

"Watu watasema hujui kazi!"

"Waache waseme. Hawatakuwa wamekosea."

Aliling'oa mbele ya wapita njia waliosimama kutazama na kunong'onezana. Matundu ya misumari aliyaziba kwa chokaa. Kisha akanawa mikono, akarudi juu, akasimama kizingitini asijue aweke wapi macho.

"Siku za mwanga nilizokunyang'anya siwezi kuzirudisha, mama. Lakini mikono ninayo."

Mshonaji alimpima kwa macho, kisha akamsogezea kigoda na wembe.

"Ukinichania kitambaa, nitakushona masikio."

Fundi akaketi. Akavuta shati la kwanza, akaanza kufumua kifungo kimoja kimoja, taratibu, huku nuru hafifu ya mvua ikiwamwagikia wote wawili magotini.