Kutoka Hapa Mpaka Pale

Mimi ndiye niliyesema sikuona. Naliweka wazi mapema, kwa maana hapa Karuba kila mtu ana namna yake ya kuisimulia habari hii, na katika namna zote mimi ni mbwa. Haya, leo msikilizeni mbwa mwenyewe.

Jina langu Sebarenzi. Kwa miaka arobaini, mtu wa kilima hiki aliyetaka kumgawia mwanawe shamba aliniita mimi kabla ya kumwita katekista. Tulitembea mpaka wote kwa miguu, mwenye shamba mbele, mimi na majirani wawili nyuma, tukapanda miti ya mpaka kwenye kila kona, halafu tukakaa chini kunywa kasiksi. Ile bia ya ndizi ndiyo ilikuwa muhuri wetu. Sijui kusoma na sikuwahi kuhitaji. Jiwe likisogezwa hatua moja nilijua, na aliyelisogeza alijua kwamba ninajua. Watu walinisalimu kwa mikono miwili.

Kisha zikaja telefone. Sisemi ni kitu kibaya. Ninasema watu walizipa kazi yote, wakabaki wao kuzibeba tu. Muulize mwanamume namba ya mkewe, anaingiza mkono mfukoni. Muulize ni lini alizaliwa mtoto wa dada yake, mkono mfukoni tena. Chaji ikiisha, anakaa sokoni Mushaki akingoja jenereta iwashwe, na hapo katikati hajui lolote kuhusu maisha yake mwenyewe.

Jirani yangu Théophile Ndagijimana alikuwa na shamba chini ya langu, na watoto wawili. Élysée, mvulana wake, alikuwa akiendesha pikipiki kati ya Mushaki na Sake, na telefone yake ilikuwa pana kama sahani. Sidonie, msichana wake, alikuwa amefiwa na mume, mwanajeshi, na wakwe walikuwa wamemfukuza. Alirudi kwa baba yake kwa miguu, na watoto watatu. Théophile akaamua kumpa sehemu ya chini ya shamba, kuanzia mti wa muko mpaka mtoni. Ni udongo mweusi, maharagwe hayajawahi kukataa pale. Bila kipande hicho Sidonie hakuwa na pa kulima, na watoto hawakuwa na cha kula. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu.

Théophile alituma niitwe. Niliosha miguu, nikavaa koti na kofia. Nilipofika kando ya shamba, Élysée alikuwa amesimama na telefone yake mkononi.

"Papa Sebarenzi, utusamehe," akasema. "Hii mara hatupande miti, hatuite bazee. Tunafilme. Iko mambo ya dakika tano."

"Na mashahidi?"

"Shahidi njo hii." Akaigonga telefone kwa kidole. "Weye uko na memware ya muzuri, Papa, lakini uko nazeeka. Telefone haisahau. Tena hainywe kasiksi."

Théophile alitazama chini. Alikuwa amechoka, na pikipiki ya mwanawe ndiyo iliyokuwa ikimpeleka kwenye dawa. Na Sidonie akacheka. Hakucheka kwa sauti kubwa. Alicheka kama mtu aliyepata alichokitafuta na sasa anataka kila mtu afurahi. Élysée nilimsamehe siku ileile, kwa maana Élysée ni mjinga tangu utoto. Kicheko cha Sidonie sikukisamehe. Huyo nilimbeba mgongoni kuvuka mto alipokuwa hajui kutembea.

Nikapanda hadi shambani kwangu, nikavua koti, nikashika jembe. Lakini jicho lina mazoea yake. Kutoka kwangu shamba lote la Théophile linaonekana. Nilimwona akiinua fimbo chini ya mti wa muko, akaelekeza kwenye mwamba wenye ufa, akashuka kufuata mtaro wa zamani mpaka mtoni. Walipotembea, nami nilitembea huku juu. Walipomaliza, mpaka ule ulikuwa ndani yangu kama mingine yote. Sidonie aliinua macho, akaniona, akanipungia mkono. Sikumpungia.

Vita vikafika Karuba miezi michache baadaye, kabla Sidonie hajapanda, nasi sote tukatelemka kuelekea Goma na magodoro kichwani. Kabla ya Sake palikuwa na bariere, gogo limekatiza barabara. Wenye bunduki waliokuwa pale walidai telefone za watu na kuzichungulia. Picha moja ya mtu aliyevaa sare, ujumbe mmoja kutoka kwa ndugu mbaya, wanakuweka kando, na waliowekwa kando hatukuwaona tena. Kwa hiyo kwenye foleni nzima watu walikuwa wameinama, wanafuta. Nilikuwa mtu wa nne nyuma ya Sidonie. Alikuwa na mtoto mgongoni. Alifuta yote: uso wa marehemu mumewe katika sare yake, ubatizo wa watoto, na video ya baba yake akimpa shamba, aliyotumiwa na Élysée. Nilimsikia akimwambia binti yake mkubwa, "Ile ya shamba haina shida, iko kwa mujomba yako."

Théophile alikufa kambini kule Goma, chini ya turubai, msimu wa pili wa mvua. Tulimzika kule kule.

Tuliporudi kilimani, Élysée alitutangulia. Sidonie alimkuta ameshapanda kuanzia mti wa muko mpaka chini. Kaka yake alikuwa amemwachia ukingo wa mto, pale kwenye majimaji ambapo hata nyasi zinaoza.

"Papa alikupa hapa," akamwambia.

"Kaka, ulifilme. Toa ile video."

"Na mimi niliefase. Kila muntu aliefase pale bariere. Hata weye."

Pengine ilikuwa kweli, pengine uongo. Nani angembishia? Kilima kizima kilikuwa kimefuta.

Sidonie akaja kwangu. Ilikuwa mchana, nilikuwa nimekaa mlangoni nabangua maharagwe. Alipiga magoti, mtoto mdogo mgongoni, akanisalimu vizuri kama zamani.

"Papa, weye uliona," akasema. "Ulikuwa pale juu na jembe. Nilikupungia mukono."

"Telefone inasema nini?"

"Papa, unajua niliefase. Ulikuwa nyuma yangu."

"Mimi niko nazeeka. Memware imechoka. Enda uulize ile yenye haisahau."

Alimsogeza mtoto mgongoni. Nikaendelea kubangua, punje moja moja, ili aone kwamba sina haraka.

"Papa," akasema baadaye, "batoto batakula nini?"

Nitasema lililo kweli: nilisikia utamu. Ulipanda kutoka tumboni mpaka kichwani. Nilikuwa ninangoja neno moja tu kutoka kwake, aseme alinicheka na kwamba haikufaa. Angelisema, ningevaa koti saa ileile nikaenda kwa chefu. Hakulisema. Alikaa kwenye magoti mpaka mtoto akaanza kulia, akainuka, akaenda.

Jumapili baada ya misa chefu wa kijiji, Tuyizere, aliita baraza uani mwa kanisa. Élysée alisema yake, Sidonie yake. Kisha chefu akanigeukia, kama machefu wote walivyonigeukia kwa miaka arobaini.

"Papa Sebarenzi, mpaka iko wapi?"

Nikasimama, nikavua kofia. "Mimi walinirudisha nyumbani. Sikuona kintu."

Élysée mwenyewe alishtuka. Niliona shingo yake ikinigeukia. Alikuwa amekuja tayari kushindwa, maskini, na mimi nikampa shamba. Sidonie hakupiga kelele. Alinitazama kama anatafuta kosa lipo wapi, katika macho yangu au katika masikio yake. Chefu akamwachia Élysée shamba.

Wiki hiyo Sidonie alipanda pikipiki na watoto wake, akaenda Pinga, kwa Hélène. Hélène alisoma naye, na Théophile alikuwa baba yake wa ubatizo. Sikulala vizuri baada ya hapo, lakini nililala.

Kule Pinga, siku moja Hélène alikuwa anamwonyesha picha za zamani ili kumfariji. Na ndani ya picha hizo, Théophile akawa anatembea. Sidonie alikuwa amemtumia video ile siku ileile ya kugawa shamba, Hélène afurahi kuona baba yake wa ubatizo bado anapanda kilima. Alituma, na akasahau kwamba ametuma. Kukumbuka ilikuwa kazi ya telefone, na telefone alikuwa ameifuta mwenyewe. Alikuwa amepoteza shamba mbele ya watu, na haki yake ilikuwa imekaa Pinga muda wote, mfukoni mwa rafiki yake.

Alirudi nayo. Chefu akaita baraza tena, uani palepale. Mnadhani niliogopa? Nilikwenda na koti langu. Nilijisemea, acha mashine iseme, Sidonie apate shamba lake, nami nipumzike. Hata nilisogea mbele ili nione vizuri.

Élysée alikuwa amefilmu nyuso. Uso wa Théophile ulijaa mle ndani, ndevu nyeupe, meno mawili, upepo unavuma. Kisha Élysée akajigeuzia telefone mwenyewe, akatabasamu. Kisha Théophile tena, na sauti yake ikatoka safi, mpaka wanawake wengine wakaanza kulia.

"Sidonie mutoto yangu, kutoka hapa mpaka pale, mbele ya Mungu, iko yako."

Fimbo ikainuka, ikatoka nje ya picha. Hapa wapi? Pale wapi? Telefone ilikuwa imehifadhi mdomo wa mzee na kuliacha shamba nje. Waliitazama mara tatu. Mara zote tatu Théophile alitoa shamba, na mara zote tatu hakuna aliyeona ni lipi.

"Unaona?" Élysée akasema taratibu. "Kutoka hapa, kwenye majimaji, mpaka pale, kwenye muto."

Chefu alikuwa tayari kurudisha telefone. Ndipo mama Nyiraneza, jirani wa upande wa juu, akasema, "Rudisha nyuma kidogo. Nani ule nyuma ya bega ya muzee?"

Wakapanua kwa vidole viwili. Nilikuwa mimi. Kofia yangu, jembe langu likiwa begani wala si ardhini. Théophile alipopiga hatua, nami nilipiga hatua kule juu. Fimbo ilipotoka nje ya picha, kichwa changu kilifuata ilikokwenda. Na mwishoni ukaonekana mkono wa Sidonie ukinipungia, nami nimesimama kama kigogo.

"Papa Sebarenzi," chefu akasema, "huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Hapa hapa ulituambia hukuona."

Nikasema yote. Nilitaja mti wa muko, mwamba wenye ufa, mtaro wa zamani, mto, na hatua kati ya kimoja na kingine. Nikawaambia, twendeni sasa hivi, nitatangulia mbele, nifungeni macho mkitaka. Katika maisha yangu yote sijawahi kutaja mpaka kwa usahihi kama siku ile.

Élysée hakukasirika. "Juzi hakuona," akasema. "Leo anaona. Kesho ataona nini?"

Watu wakacheka. Ni watu ambao mipaka yao yote imo kichwani mwangu. Kisha Nyiraneza akaacha kucheka, akaniuliza, "Na ile mpaka yangu na shemeji, Papa, ulisemaka kweli ao ulikuwa na kisirani na miye?" Mwingine akauliza hivyo hivyo kuhusu ya kwake. Ndani ya muda mfupi kila mtu uani alikuwa na jirani yake wananyoosheana vidole, na miaka yangu arobaini ikawa takataka. Chefu akapiga meza. Neno la mtu aliyekana uani palepale hawezi kulishika, akasema, na telefone haikuonyesha mpaka. Shamba libaki kwa aliyelipanda.

Siku hizi wakigawa shamba wanafilmu mawe, wanainama mpaka chini kabisa. Mimi hawaniiti. Kutoka shambani kwangu ninamwona Élysée akipalilia, na ninajua mahali hasa pa kumwambia simama, na ninanyamaza.

Lakini siku ile, watu walipotawanyika, nilimfuata Sidonie mpaka kwenye pikipiki. Nilitaka aelewe. Nilitaka walau yeye aelewe.

"Siku ile ulinicheka," nikamwambia. "Kaka yako aliponifukuza. Ulicheka."

Alifikiri kweli. Alikunja uso akitafuta, kwa heshima, kama mtu anayeulizwa njia.

"Sikumbuke, Papa," akasema.

Akatoa telefone, akatafuta, akanionyesha: mimi, kofia, jembe, mkono wake unanipungia.

"Pale bariere niliefase bintu yote," akasema. "Niliefase hata sura ya bwana yangu, na sina ingine. Hii yako, Papa, sitaiefase."

Akaifunga ndani ya kitenge, akapakia watoto, akarudi Pinga kulima mashamba ya watu.