Mpira Uliorudi Umelowa

Kwenye mkahawa wa Pushpa, Ilford, huku ughaibuni, sisi mashabiki wa Pweza FC tuna sheria moja: hadithi ya ubingwa husimuliwa kwa zamu. Kila mtu ana kipande chake. Anayedandia kipande cha mwenzake anawanunulia wote mogo, yaani muhogo wa kukaanga, na Pushpa, Mhindi aliyezaliwa Mwanza, hana bei ya kuoneana haya.

Jumapili hiyo tulikutana mapema kwa sababu saa nane mchana tulikuwa tunatetea kikombe, dhidi ya walewale tuliowanyang'anya mwaka jana, Kingsmere Athletic, na kwenye uwanja uleule. Kikombe chenyewe kilikuwa mezani, kimejaa vijiko vya chai. Si kikubwa. Unaweza kukorogea humo uji wa mtoto mmoja, tena asiwe mlafi.

Tulikuwa watatu: Protas, mwenyekiti wetu, Sundus, mama wa winga wetu Mahir, na mimi Elieshi, dereva wa basi, ambaye mji huu umenizaba makofi mpaka nimejifunza kucheka kabla ya la pili. Mlango ukafunguka, akaingia wa nne. Mzee Msabaha, baba mkwe wake Sundus, babu yake Mahir. Kwapani amebana mto.

Protas aliuona mto kabla hajamwona mzee.

"Shikamoo, Mzee. Mto wa nini?"

"Marahaba. Wa kukalia."

"Kukalia wapi?"

"Uwanjani, yakhe. Nyumbani n'na makochi."

Protas akakisogeza kikombe mbali naye, maana Mzee Msabaha ana nuksi. Si mimi niliyesema, ni kamati. Wanaoujua mpira wa kwetu wanaijua kamati ya ufundi: haimfundishi mtu kupiga danadana. Kazi yake ni kuamua timu iingie kwa mlango gani, nani atangulize mguu upi, na nani asionekane kabisa. Ya kwetu ina mjumbe mmoja, Protas, mwenye shahada ya takwimu, na takwimu ndizo zilizomponza. Aligundua kwamba Mzee akija tunafungwa. Mzee akishikwa na mafua tunashinda. Basi kabla ya mechi ya mwisho mwaka jana alimwendea kwa adabu zote, na boksi la tende, akamwomba abaki nyumbani.

Mzee alicheka tu. "Dini yetu haina nuksi," alimwambia, "lakini ina adabu. Kama kukaa kwangu kitako ni bao, basi nihesabuni mshambuliaji."

Hakuonekana. Tukashinda. Tangu siku hiyo kutokuwepo kwake kukawa namba kamili kwenye kikosi. Mwaka mzima mjukuu wake anapiga chenga, yeye anasimuliwa.

"Protas mwanangu," Mzee akasema, akiketi juu ya mto wake kama mtu anayeufanyia majaribio, "Agosti Mahir anakwenda chuo, Aberdeen huko kwenye baridi. Hii ndo mechi yake ya mwisho na nyie. Nataka nimwone akicheza, naye anione nikimwona. Sitaki lingine."

"Mzee, leo tunahitaji sare tu." Protas alisema kwa sauti ya karani anayekunyima nyumba. "Sare tu! Ukibaki nyumbani, kikombe kimebaki."

"Na nikija?"

Protas akavitazama vile vijiko. "Tusimulie kwanza. Halafu kamati itaamua."

"Kamati si ndo wewe?" Sundus akamrukia.

"Ndiyo maana haina mabishano."

Sundus akasonya, lakini kipande cha kwanza ni chake na hakuwa tayari kukiacha kipoe. Akavuta kiti.

"Haya. Mwaka jana walituweka mkiani hata ligi haijaanza. Na walikuwa na haki! Kipa wetu kavaa glavu zangu za kuoshea vyombo, za pinki..."

"Za njano," nikasema.

"Elieshi! Unadandia? Nimwite Pushpa?"

"Za pinki, dada. Pinki kabisa."

"Jezi n'lizifua mie kwa maji ya moto, zikaruka. Beki akiinua mkono, kitovu nje. Refa mmoja akatuuliza kama sisi ni kikundi cha ngoma. Mechi ya kwanza na hawa Kingsmere tukapigwa sita. Sita! Ikafika mahali nashangilia tukipata kona."

"Ulishangilia hata goli kiki," Protas akasema.

"Ilikuwa goli kiki nzuri! Basi ndo akaja Lusajo." Hapo Sundus hufungua mikono kama anayeleta bwana harusi. "Kijana wa Kinyakyusa, anatoka zamu ya usiku ghalani, anakuja uwanjani macho mekundu. Mapumziko analala. Kipindi cha pili anaamshwa, anafunga, anauliza tumecheza na nani. Tukaanza kushinda! Hatujui kwa nini, tunashinda tu. Siku ya mwisho ikatukuta sisi na Kingsmere, wao mbele kwa pointi moja. Sare, ni yao. Tukishinda, yetu. Namwachia Elieshi."

Kipande changu ni cha uzio, na sikuuzii hata kwa nauli ya kwenda Moshi.

"Asubuhi ile," nikaanza, "mwenyekiti wetu msomi akatangaza kwamba hatupiti langoni. Kingsmere wamefika mapema, huwezi kujua wamefukia nini. Jamani, Kingsmere! Wanachofukia hao ni mbegu za maua! Lakini kamati imesema. Kikosi kizima kikapita kwenye tundu la uzio nyuma ya vyoo, mmoja mmoja, kwa magoti. Kipa akakwama. Bukta ya Lusajo ikabaki kwenye msumari, akaifuata. Refa yuko langoni na saa yake, anasema hawa Pweza hawajaja, nawapa Kingsmere ushindi. Akigeuka, tuko katikati ya uwanja, tumepakaa tope kama viazi vimetoka kuchimbwa!"

"Lakini tulishinda," Protas akasema.

"Subiri zamu yako. Kingsmere wakacheka. Mapumziko, moja bila, bado wanacheka. Kipindi cha pili beki wao akaukuta mpira hauna mwenyewe, akampa kipa wake zawadi asiyoitarajia. Moja moja! Sasa hawacheki. Sasa wanaanguka wenyewe kama nguo kwenye kamba, wanakula muda. Haya, mwenyekiti. Tuue."

Wateja wa meza za jirani walikuwa wameshageuza viti. Protas akasimama. Ofisini kwake nasikia hata kikohozi anaomba ruhusa, lakini mpe dakika zile za mwisho uone.

"Zimebaki chache! Beki wao mkubwa, yule kabati la nguo, anaubutua mpira. Juu! Unavuka uzio! Na upande ule si uwanja, ni vile vishamba ambavyo watu hukodi kulima mboga. Uzio wa mbao, mrefu, huoni ng'ambo. Mipira ya akiba wameificha. Wanakunywa maji! Wanapeana mikono!"

"Wakora!" tukaitikia.

"Mara, puu! Mpira huo! Umerudi! Umevuka uzio, umetua miguuni kwa Mahir. Na umelowa! Unatiririka maji, na siku ile jua kali, hata wingu la kuazima hakuna! Mahir haulizi. Anaokota, anarusha. Mbele ya goli yupo nani? Lusajo! Peke yake! Alikuwa amesimama pale anasinzia!"

"Kaotea!" tukapiga kelele, mikono juu, kama Kingsmere.

"Mpira wa kurusha hauna kuotea!" Protas akanguruma, sasa yeye ndiye refa. "Kichwa! Maji yanaruka! Goooli!"

Vijiko vikaruka kwenye kikombe. Pushpa akapiga sufuria kwa mwiko. Mzee mmoja wa Kipunjabi aliyekuja kunywa chai yake kwa amani akajikuta anapiga makofi. Mzee Msabaha alikuwa wima, mto chini, mikono miwili imeinuka juu ya kichwa, macho yanawaka kama mtoto wa sikukuu.

"Na hadi leo," Protas akashusha sauti, maana hapa huwa anataka watu wasisimke, "hatujui ni nani. Tulikwenda kuchungulia, hakuna mtu. Mpira ulidondoka kwenye kabichi za watu, ukalowa umande, na mkono wa heri ukaurudisha papo hapo..."

"Kabichi wapi, Protas!" Mzee Msabaha akadakia. "Umande wa saa kumi jioni? Ulitumbukia kwenye pipa la maji ya mvua! Mie n'meingiza mikono mpaka kwapani, na pipa lenyewe limejaa konokono..."

Akasita. Mikono bado ilikuwa hewani. Akaishusha polepole, kama anayeirudisha dukani.

"Baba?" Sundus akaita.

"Ee, mwanangu."

"Siku ile koti lako lililowa mikono yote miwili. Ukanambia ulikuwa unatia udhu."

"Nilitia. Baadaye."

Kutoka jikoni Pushpa akasema, bila kuacha kukaanga, "Shamba lile letu. La methi, majani ya uwatu. Ufunguo alipewa na Sunny, mume wangu."

"Pushpa! Mwaka mzima umenyamaza?"

"Mimi nauza mogo, Elieshi. Siri siuzi. Na Mzee amedandia kipande cha Protas, kwa hiyo sahani nne zinakuja."

Tukacheka mpaka nikashika ubavu. Protas peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa, anapiga hesabu usoni.

"Uliahidi, Mzee," akasema.

"Niliahidi kutoingia uwanjani. Sikuingia. N'lichungulia kwenye ufa wa mbao, jicho moja, mechi nzima. Ulipokuja mpira n'kafanya nini, niusomee dua? N'kauvua, n'kautupa. Nyie mlipokuja kuchungulia, mie nipo nyuma ya kibanda cha Sunny nalia kwa furaha."

"Na hukutwambia?"

"Mlikuwa mnafurahi mno, mwanangu. Kila mkisimulia mnanishukuru kwa kutokuwepo. N'taanzaje kusema nilikuwepo? N'kasema wacha, raha yao isimame. Nami n'na yangu." Akauokota mto, akaupangusa. "Ila Mahir anajua. Aliuona mkono wangu juu ya mbao, na saa hii n'liyovaa. Tangu siku hiyo kila akienda kucheza ananiuliza, kwa Kiingereza chake, Babu, unakuja lini upande huu wa uzio? Nami kila siku namwambia, ngoja kamati."

Sundus akamgeukia Protas na jicho ambalo mimi, kama ningekuwa Protas, ningehama mtaa.

Protas akajikohoza. "Kitakwimu... hii inathibitisha kwamba nuksi haivuki uzio. Kwa hiyo leo Mzee akae kulekule kwenye methi, na..."

"Protas," Sundus akasema, "wewe ukizama utasema maji ndo yamekosea."

"Mwenyekiti," nikaongeza, "pasi ya bao la ubingwa ametoa yeye. Hufukuzi shabiki hapo, unafukuza mchezaji."

"Mmeungana."

"Tumeungana, na tuna mogo."

Protas akachomoa kijiko kimoja kwenye kikombe, akakitazama, akakirudisha. "Haya," akasema mwishowe. "Aje. Lakini apite kwenye tundu."

"Na magoti haya?" Mzee akasema. "N'tapita langoni, yakhe. Kama mtu."

Tukapanda basi, mimi nikakaa nyuma nikimkosoa dereva njia nzima. Uwanjani Mzee Msabaha akapita langoni na mto wake, akamsalimia refa, akaweka mto kwenye benchi karibu kabisa na mstari. Mahir alikuwa anapasha misuli. Akamwona. Akainua mkono, akagusa kifundo pale mtu anapovaa saa. Mzee akagusa yake.

Hatukuwa tumekaa vizuri Kingsmere wakafunga.

Lilikuwa bao la kipuuzi. Kipa wetu, sasa ana glavu za kweli, aliteleza. Lakini wewe fikiria: mashabiki wote wa Pweza, upande mzima, wakageuka kwa pamoja. Hawakumtazama kipa. Walitazama benchi.

Mzee Msabaha hakungoja kuambiwa. Akajiinua taratibu, akauchukua mto, akaubana kwapani. "N'napajua kwenye methi," akasema. Alitabasamu, lakini kidevu kilikuwa kinamsaliti. Huko uwanjani Mahir alikuwa amesimama katikati, mpira unasubiri kuanzwa, yeye anatutazama sisi.

Mkono ukatoka ukamshika Mzee kwenye mkono wa koti. Wa Protas. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemeza shahada yake, pamoja na fremu.

"Kaa, Mzee."

"Tumefungwa, Protas."

"Nimeona. Kaa." Kisha akawageukia wale wote waliokuwa wanatutumbulia macho, akapaza sauti ile ya mkahawani: "Mnatazama nini huku? Mpira uko kule!"

Mzee akakaa. Protas akakaa naye, nusu ya mto, na hakumwachia. Nadhani alikuwa anaogopa kwamba akiachia atabadili mawazo. Sundus akaanza kupiga kopo lake la biskuti, nami nikapuliza filimbi yangu ya depo la mabasi mpaka masikio yakaziba, na Pweza wakaanza kusogea mbele, pasi, pasi, Lusajo macho yamefunguka kabla ya mapumziko kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mpira ukamfikia Mahir. Akampita wa kwanza. Akampita wa pili. Yule kabati la nguo akaja kama limesukumwa kwenye mteremko, akaubutua, mpira ukapaa kuelekea kwetu, juu ya mstari, juu ya vichwa vya wachezaji. Kabati akageuka kunywa maji. Mahir hakugeuka. Alikuwa anakuja mbio, mikono mbele, anamtazama babu yake machoni.

"Protas," Mzee Msabaha akasema, "niachie mkono, yakhe. Mpira unakuja."