Friza ya Mama Kalisti

Kila asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, napiga pasi sare yangu ya dukani. Naanza na kola, nafuata mgongo, kisha mkono wa kulia. Mkono wa kushoto huwa wa mwisho. Jumatano ile nilikuwa nimefika mkono wa kushoto pasi ikapoa. Niliigusa kwa kidole, nikatazama feni yangu ndogo. Ilikuwa inamalizia mizunguko yake.

Uani mtu akapiga kelele.

"Tayari! Uniti zimeisha tena!"

Alikuwa Charles, mpangaji wa chumba cha tatu, anayefanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kwa sababu ya makelele ya karasha, Charles hajui kuongea polepole.

"Tumeweka ishirini Jumatatu! Jumatatu hii, siyo ya mwaka jana! Hizo uniti zinaliwa na ugali?"

Nyumba yetu iko Rwamgasa, ina vyumba vinne na LUKU moja, mita ya umeme wa kununua kwanza. Chumba cha mbele anakaa mwenye nyumba, Mzee Magesa, aliyechimba dhahabu miaka ishirini na kuijenga nyumba hii kwa mavuno ya duara moja tu, yaani shimo moja la dhahabu. Mimi niko cha pili, Charles cha tatu, na cha nne ni cha Rebeka, ambaye sote tunamwita Mama Kalisti. Umeme tunachangia sawa, isipokuwa Mama Kalisti anatoa mara mbili kwa sababu ana friza.

Friza hiyo aliinunua mtumba mwezi wa kumi. Siku ilipofika aliisugua kwa majivu na sabuni mpaka ikang'aa, kisha akatuita tuje kuiona, kama watu wanavyoitwa kuona mtoto mchanga. Humo anagandisha barafu za ubuyu na ukwaju, na jua likishakuwa kali anawapelekea watu wa karasha. Ada ya Kalisti, aliyeko kidato cha pili bweni huko Shinyanga, inatoka humo humo.

Lakini ni kweli pia kwamba kabla ya friza, uniti ishirini zilitufikisha siku ya sita. Baada ya friza, mbili.

Tulisimama uani wote wanne. Mzee Magesa alitoka akiwa na taulo begani.

"Shikamoo, mzee," tulisema.

"Marahaba. Mama Kalisti, mimi na wewe hatuna ugomvi. Lakini hesabu hii hata ng'ombe anaielewa. Kabla ya friza, siku sita. Baada ya friza, siku mbili. Jumapili jioni friza izimwe. Ukiona hiyo haikufai, utafute nyumba nyingine."

"Mzee, si natoa mara mbili?"

"Hata ukitoa mara tano zitaisha vilevile."

Mama Kalisti alishika kiuno, akatazama chini.

Mimi nilikuwa na neno la kusema. Nilisoma umeme wa majumbani miaka mitatu chuoni Shinyanga, na cheti changu kiko kwenye begi chini ya vitenge. Darasani tulikuwa wasichana wawili. Mwalimu alikuwa akiniuliza swali, nikajibu kwa sauti ndogo, naye akawauliza walio nyuma yangu, "Amesemaje?" Lakini mtihani wa vitendo, ule wa kutafuta kosa kwenye saketi iliyoharibiwa makusudi, nilimaliza wa kwanza. Friza ya ukubwa ule haimalizi hata uniti mbili kwa siku. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

"Labda..." nilisema. "Labda tuangalie kwanza."

"Tuangalie nini, dada wa balbu?" Charles akacheka. "Giza?"

Hapa Rwamgasa mimi ni dada wa balbu, kwa kuwa nauza vifaa vya umeme dukani kwa Shaheen. Habari ya cheti sikumwambia mtu ila Shaheen. Siku nahamia, Mzee Magesa alinionyesha nyumba, akapiga kifua: "Umeme wote humu nimefunga kwa mkono wangu. Hajakanyaga fundi hapa." Nikasema, "Hongera, mzee." Baada ya hapo ningeanzia wapi?

Nilikwenda kazini na mkono mmoja umenyooka na mwingine una makunyanzi. Shaheen, tajiri wangu, alizaliwa Geita na haachi kitu kipite.

"Eunice, mbona mkono mmoja umeamka na mwingine bado umelala?"

Nikamweleza habari ya friza mpaka mwisho.

"Na wewe ukawaambia nini?"

"Labda tuangalie."

"Labda!" Akapiga meza. "Miaka mitatu ya chuo, labda! Baba yako kule Didia aliuza ng'ombe wangapi kwa hiyo labda?"

"Wanne."

Shaheen hakucheka. Aliingia nyuma ya rafu, akarudi na kipimo cha umeme, bisibisi ya kupimia na koleo. "Utarudisha Jumatatu. Ukinirudia na labda nyingine, nitakukata mshahara."

Jioni tulichanga uniti nyingine, nami nikaanza kutazama nyumba yetu kama nilivyofundishwa, siyo kama mpangaji. Kuna mambo tulikuwa tumeyazoea mpaka hatuyaoni tena. Bafu letu la uani lina ukuta wa mabati, na tangu mvua za mwezi wa kumi yale mabati yalikuwa yakikuchoma kidogo mkononi ukiyagusa umelowa. Tukasema ni baridi. Kila mtu alioga na kandambili na maisha yakaendelea. Halafu kati ya bafu na nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi kama upana wa sinia. Mvua ikinyesha, uani kote panakuwa tope, pale panakauka kwanza. Kuku wa Mzee Magesa walipapenda. Walijilaza pale asubuhi wakiwa wamefumba macho.

Jumamosi nilimkuta mzee akinoa jembe. Nilimwamkia, nikachuchumaa mbali kidogo.

"Mzee, ile taa ya bafuni uliiweka lini?"

"Mwezi wa kumi. Wiki ileile friza ya mwenzako inaingia. Waya nimeupitisha chini, hauonekani hata kidogo. Umeona kazi?"

"Nimeona. Na kwenye boksi la umeme, ile breka kubwa ya pembeni..."

"Ah, ile! Ilinisumbua. Nikishawasha tu, inakata. Nikawasha, ikakata. Nikairuka. Nimepitisha waya pembeni yake, sasa inakaa kama pambo."

Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Breka ile kazi yake ni moja tu, kukata umeme unapovuja kwenda ardhini. Ilikuwa imemwambia ukweli mara kumi, na mzee akaizunguka.

Jumapili tuliporudi kutoka kanisani, Mama Kalisti alianza kutoa barafu kwenye friza na kuzipanga kwenye ndoo. Hakuwa analia. Alikuwa anazihesabu tu kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyonisimamisha katikati ya uani.

"Mzee, naomba tuzime vitu vyote."

Hakuna aliyesikia.

"Ongeza sauti, dada wa balbu," Charles akasema. "LUKU haina masikio."

"Naomba tuzime kila kitu!" nikasema, na nikashtuka mwenyewe. "Kila mtu aende chumbani kwake achomoe vyote. Redio, chaja, feni. Na wewe Mama Kalisti, chomoa friza. Halafu mje hapa kwenye mita."

Walikwenda, nadhani kwa mshangao tu. Waliporudi niliwaonyesha ile taa nyekundu ndogo kwenye mita.

"Hii ikiwaka mara elfu moja, uniti moja imekwenda. Imeandikwa hapa chini. Sasa friza imechomolewa. Kama mla uniti ni friza, taa haitawaka tena."

Tulisimama tukiitazama. Jua lilikuwa linatuchoma visogo. Taa ikawaka. Charles akahesabu kwa simu yake: mara moja, mbili, tatu, nne. Dakika ikaisha.

"Nne!" akasema. "Vitu vyote vimezimwa! Sasa anakula nani?"

"Mara nne kwa dakika, usiku na mchana, ni karibu uniti sita kwa siku," nikasema. Nilifungua boksi, nikashusha breka moja, ya umeme wa nje. Tukahesabu tena dakika nzima. Taa haikuwaka hata mara moja.

"Hiyo ni ya bafuni," Mama Kalisti akasema polepole.

Mzee Magesa alisogea mbele. "Hapana. Pale nimeunga mwenyewe. Jointi kama ile niliishusha futi mia moja kwenye duara, watu wakafanyia kazi miezi minane. Haijapata kutusumbua."

Kila mchimbaji wa zamani anaijua jointi hiyo. Unasokota nyaya, unazifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, unakaza kwa nailoni, unaining'iniza kwenye gogo ukutani mwa duara. Imemulikia watu wengi, nami siidharau.

"Mzee," nikasema, na safari hii sikutafuta labda. "Ndani ya duara ilining'inia pakavu. Hapa umeizika, na maji ya bafu yanapita juu yake kila siku. Umeme unavuja. Mimi ni fundi umeme, nimesomea. Niruhusu nifukue."

Charles alirudisha simu mfukoni.

Mzee akanipa jembe alilolinoa jana yake.

Nilihakikisha kwa kipimo kwamba waya hauna umeme, ndipo nikafukua pale kwenye kilalio cha kuku. Udongo ulikuwa bado na joto. Kwenye kina cha kiganja nikaikuta jointi, mpira umelainika kama ndizi iliyoiva sana, na shaba ndani imegeuka kijani na nyeusi. Niliiinua juu wote waione. Mama Kalisti alifunika mdomo. Nadhani alikuwa anawaza mabati yale na watu waliokuwa wakioga.

Charles alikimbia kwa Shaheen, ambaye alimfungulia duka siku ya Jumapili. Nikaweka waya mpya usio na jointi, ndani ya bomba la plastiki, na ile breka iliyokuwa pambo nikairudisha kazini. Nilipowasha, haikukata. Tukarudi kwenye mita vitu vyote vikiwa bado vimechomolewa. Dakika moja, mbili, tatu. Taa ililala.

"Ee bwana!" Charles akapiga kelele za karasha. "Dada wa balbu!"

Ndani yangu nilikuwa mrefu kama nguzo ya umeme. Mzee Magesa aliichukua jointi yake, akaifuta udongo, akaingia nayo ndani. Hakusema friza izimwe, wala hakusema isizimwe. Mama Kalisti alisubiri mpaka jioni, kisha akarudisha barafu zake moja moja.

Kuanzia hapo nyumba ikawa inanisikiliza. Tuliisogeza friza kutoka kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, nikabadilisha mpira wa mfuniko wake. Balbu tatu za zamani za uani, zile zinazowaka mpaka asubuhi, tukaweka mpya zisizokula. Spika za Charles, zilizokuwa hazijawahi kuzimwa tangu anunue, zikaanza kupumzika akienda kazini. Na pasi tukaamua iwe Jumamosi, mara moja, nguo za nyumba nzima wakati imeshapata moto. Jumatatu tuliweka uniti ishirini, Charles akaanza kuchora mistari ya mkaa ukutani chini ya mita, mstari mmoja kwa siku.

Wiki hiyo Mzee Magesa alianza kununua barafu. Jumatatu alifika mlangoni kwa Mama Kalisti, akasimama, akakohoa, akasema, "Ubuyu." Jumanne, "Ubuyu." Jumatano vilevile.

"Huyu mzee ana nini?" Mama Kalisti aliniuliza. "Hata maji ya mtungi anayaacha kwanza yapate jua. Sasa barafu?"

Nilimchungulia siku moja. Alikwenda nayo nyuma ya nyumba, akaiweka chini, akawatazama kuku wakiidonoa.

Mstari wa sita ulipita. Ukapita wa saba. Siku ya nane, Jumatatu iliyofuata, nilitoka na sare yangu imenyooka mikono yote miwili, nikakuta Charles anachora mstari huku akiimba. Friza ilikuwa inaunguruma chumbani, na kabla yake hatukuwahi kuvuka siku ya sita. Nilisimama kuutazama ule ukuta. Sijawahi kutazama hata cheti changu kwa namna ile.

Mzee Magesa alikuja akiwa na kikombe chake.

"Mwangaluka, mzee," Mama Kalisti alimwamkia Kisukuma, tayari anafunua friza. "Ubuyu?"

"Ub..." Akakiweka kikombe juu ya ndoo. "Mama Kalisti, mimi barafu siipendi. Nina meno manne."

"Sasa unanunua ya nini kila siku, mzee wangu?"

"Nakuja kusema neno. Nikifika hapa mlangoni, nasema ubuyu."

Charles alishusha mkaa wake. Mama Kalisti aliacha mkono kwenye mfuniko wa friza, baridi ikitoka, na kwa mara ya kwanza sikumwambia aufunge.

"Neno gani, baba?"

Mzee alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye, machoni.

"Nilikuonea," akasema. "Friza yako haikuwa na kosa. Jointi ilikuwa yangu, na nilitaka kukufukuza wewe kwa sababu yake. Nisamehe, mwanangu."